Presha ya Petroli na Waya wa Tatu

Leo mazungumzo yetu yako kwenye pua ya ndege ndogo, mle ndani ya vifuniko vya injini, mahali ambapo abiria hapaoni na rubani akishapaa hapafikii. Mle mna nyaya nyingi. Nimeuchagua mmoja tu, ambao shaba yake haifiki milimita moja kwa unene, kwa sababu unabeba habari ambayo rubani anaihitaji kuliko nyingi nyingine: je, petroli inaifikia injini kwa nguvu inayotakiwa?

Siku hizi wenye ndege wengi wanang'oa geji za zamani, zile saa ndogo za mviringo zenye mshale, na kuweka monita ya injini. Ni kioo kimoja kinachoonyesha joto la kila silinda, presha ya oili, presha ya petroli, volti za betri, kila kitu mahali pamoja, kwa rangi ya kijani, njano na nyekundu. Ni vyombo vizuri na mimi navipenda. Vinaweka kumbukumbu ya kila safari, na fundi anaweza kuisoma baadaye akaona ugonjwa ungali mchanga. Lakini nimesikia mara nyingi watu wakizungumzia bei na ukubwa wa kioo bila kumuuliza fundi swali hata moja juu ya nyaya zilizo nyuma yake. Hilo ndilo linalonileta mbele yenu leo.

Tuchukue ndege mahususi. Piper Cherokee, ile PA-28, marubani wengi wamejifunzia kazi humo, na wapo waliojifunzia humo kwenye uwanja wa ndege wa Wilson, Nairobi. Mabawa yake yako chini, na matangi ya petroli yako ndani ya mabawa. Kabureta ya injini iko juu kuliko matangi. Petroli haipandi mlima yenyewe, lazima isukumwe. Linganisha na Cessna 172 ya kabureta, ambayo mabawa yake yako juu: petroli inateremka kwa uzito wake, na ndege nyingi za aina hiyo zimeruka miaka na miaka bila pampu wala geji ya presha ya petroli. Cherokee haina bahati hiyo. Ina pampu mbili. Moja inaendeshwa na injini yenyewe, nyingine ni ya umeme, ya akiba.

Rubani anaiwasha ile ya umeme kabla ya kupaa. Akishapanda kama futi elfu moja juu ya ardhi, anaizima, na hapo macho yake yanakwenda kwenye presha ya petroli. Ikibaki mahali pake, pampu ya injini ni nzima. Ikianza kuporomoka, anaiwasha ya umeme mara moja na kugeuza kurudi. Kwa anayeruka kutoka Wilson, chini kuna mbuga ya wanyama upande mmoja na mapaa ya watu upande mwingine. Katika sekunde zile anaiamini namba iliyo mbele yake kwa sababu hana namna nyingine ya kujua.

Namba yenyewe ni ndogo. Injini ya Lycoming O-320, mojawapo ya injini za ndege hii, inataka presha isiyopungua nusu psi na isiyozidi psi 8. Psi ni pauni kwa inchi ya mraba, kipimo kile kile cha kwenye mashine ya upepo wa matairi, na tairi la gari dogo huwa na psi 30 hivi. Kwa hiyo tunazungumza juu ya nusu psi. Kosa ambalo kwenye tairi usingelijali, hapa ndilo linalotenganisha injini inayokula na injini yenye njaa. Tafadhali iweke kichwani hiyo nusu psi, tutaihitaji.

Zamani, presha hii ilipimwa kwa mrija uliopinda. Mfaransa Eugène Bourdon aliuwekea hataza mwaka 1849: mrija wa shaba uliobanwa, presha ikiingia unajaribu kunyooka, na ule mwendo mdogo unasukuma mshale. Ni ubunifu wa ajabu, na bado unafanya kazi duniani kote, kwenye boila na mitungi ya gesi. Ila kwenye ndege ulikuwa na gharama yake. Ili mshale usogee mbele ya rubani, petroli yenyewe ilibidi ifikishwe mbele ya rubani. Kijibomba chembamba kilitoka kwenye injini, kikapenya lile bati la kuzuia moto linalotenga injini na watu, kikaishia nyuma ya dashibodi, juu ya magoti. Kikipasuka, petroli inamwagika ndani ya chumba.

Kihisi cha umeme, ile sensa ya mafundi, kiliondoa hatari hiyo. Petroli inabaki upande wa injini, na kinachovuka bati ni umeme mdogo tu. Kwangu mimi hii ndiyo sababu kubwa ya kufanya mabadiliko haya, kubwa kuliko rangi za kioo. Na kwa sababu hiyo hiyo siwezi kumwelewa fundi anayefunga kihisi kipya kwa haraka haraka.

Kihisi kinachotumika sana kwenye monita za kisasa kina nyaya tatu. Wa kwanza unakiletea umeme wa volti 5 kutoka kwenye monita. Wa pili unarudisha jibu. Wa tatu ni wa kurudishia umeme, ambao mafundi wengi wanauita erthi. Kihisi kikiwa hakina presha yoyote, jibu lake ni volti 0.5. Kikifika presha yake ya juu kabisa, jibu ni volti 4.5. Katikati ya hapo, jibu linapanda sawasawa na presha.

Kwa nini kisianzie sifuri? Kwa sababu sifuri imeachiwa waya uliokatika. Waya wa jibu ukikatika, monita haioni kitu, na kwa kuwa kihisi kizima hakiwezi kutoa jibu la chini ya nusu volti, monita inafahamu kwamba hii si habari ya petroli bali ni habari ya waya, basi inafuta namba na kuweka alama ya hitilafu. Waliofikiria hivyo walimheshimu rubani. Walitaka ajue tofauti kati ya "petroli imeisha nguvu" na "mimi siwezi kukuambia lolote". Kuna vihisi vingine vinavyojibu kwa mkondo wa umeme badala ya volti, kuanzia miliampea 4 hadi 20, na hekima yake ni ile ile: miliampea 4 ndiyo sifuri ya presha, na chini yake ni ubovu.

Lakini faida hiyo haiji yenyewe. Baadhi ya monita zina njia za kuingizia ishara zinazokubali aina zaidi ya moja ya kihisi, na nyingine zinahitaji rezista iongezwe kwa vihisi vya zamani vya waya mmoja. Rezista hiyo ikiachwa mahali pake baada ya kihisi kubadilishwa, waya uliokatika unaweza kuonekana kama presha ya juu. Kwa hiyo baada ya kufunga, chomoa kiunganishi kwa makusudi, ukaone kioo kinasema nini. Kikisema kuna hitilafu, vema. Kikionyesha namba, hujamaliza kazi.

Sasa tuje kwenye waya wa tatu, ambao ndio kiini cha mazungumzo haya. Fundi mgeni anauona waya wa erthi kama kitu cha kumalizia. Anatafuta bolti iliyo karibu, iwe kwenye injini au kwenye bati, anaufunga hapo, na kwenye gari la kawaida angeweza kusalimika. Kwenye ndege anaharibu kila kitu.

Sikiliza kwa nini. Injini ya ndege imekaa juu ya mipira ya kupunguza mtikisiko, na mpira haupitishi umeme. Kinachoiunganisha injini na mwili wa ndege kwa umeme ni mkanda wa nyaya zilizosukwa. Umeme wote ambao alteneta inautoa kwa ajili ya taa, redio na pampu unarudi kwenye alteneta kupitia mkanda huo. Mkanda ukiwa na kutu, au nati yake ikiwa imelegea, umeme unapata shida kupita, na sehemu ya volti inapotelea hapo. Moja ya kumi ya volti inatosha kutuletea balaa, nayo ni ndogo kiasi kwamba taa hazitafifia wala redio haitakoroma. Hakuna atakayegundua, isipokuwa kihisi chetu. Yeye anapima jibu lake kuanzia pale alipofungwa erthi, huku monita ikilisoma jibu hilo kuanzia erthi yake yenyewe. Ni kama kumpima mtoto urefu akiwa amesimama ndani ya shimo ambalo mpimaji halioni.

Tupige hesabu. Kihisi cha kupima hadi psi 15 kinatumia volti 4 kwa psi hizo zote, yaani kama robo ya volti kwa kila psi. Kosa la moja ya kumi ya volti ni kosa linalozidi kidogo theluthi moja ya psi. Linaudhi, lakini mtu anaweza kuishi nalo. Sasa mwenye ndege akanunua kihisi cha psi 30 kwa sababu kilikuwepo dukani, akiamini kwamba kikubwa ni bora. Kosa lile lile la umeme sasa linazidi nusu psi. Akiweka cha psi 75, ambacho ni halali kabisa kwa injini zinazopuliziwa petroli kwa presha kubwa, linazidi psi moja na nusu. Kumbuka ile nusu psi niliyokuomba uiweke kichwani. Ndiyo mpaka wa chini wa injini yetu, na kosa la erthi peke yake limeumeza.

Mwelekeo wa kosa nao unabadilika. Alteneta ikifanya kazi, injini inakaa chini kidogo kwa volti kuliko mwili wa ndege, na namba inasoma chini ya ukweli: rubani anaona nyekundu na petroli ipo. Stata inapozungusha injini, umeme mkubwa unapita kinyume, na namba inapanda juu ya ukweli. Nyekundu ya uongo ina madhara yake hata kama injini inavuma vizuri. Mara ya kwanza rubani anashtuka na kurudi uwanjani. Mara ya pili anashtuka nusu. Mara ya tano anabonyeza kitufe cha kunyamazisha kengele na kuendelea na safari, na siku hiyo ndege ile haina tena geji ya presha, ingawa kioo kinawaka.

Dawa yake ni rahisi. Waya wa tatu urudi wenyewe, peke yake, mpaka kwenye tundu la erthi lililotajwa na kitabu cha monita. Usiguse injini, usiguse bati, usiazime erthi ya taa wala ya pampu. Na jaribio lake halihitaji chombo chochote: injini ikiwa inazunguka chini uwanjani, washa taa za kutua, kisha zizime, huku ukitazama presha ya petroli. Petroli haijali taa. Namba ikisogea, tatizo liko kwenye umeme, na ulitafute kwanza kwenye erthi na ule mkanda.

Vihisi vya zamani vya waya mmoja vina shida ya aina yake, kwa sababu mwili wake wa chuma ndio erthi. Mtu anaufunga uzi wa kihisi kwa ule utepe mweupe wa mafundi bomba ili usivuje, na bila kujua anaweza kuwa ameuzuia umeme. Zaidi ya hapo, vipande vya utepe huo vinachanika na kusafiri na petroli hadi kwenye kabureta au vipulizio. Utepe huo haufai kabisa kwenye mfumo wa petroli ya ndege. Kuna dawa ya kuzibia nyuzi inayostahimili petroli, inapakwa kidogo, na uzi wa kwanza unaachwa wazi.

Jambo jingine linatugusa sisi wa ukanda huu moja kwa moja. Presha ya petroli inapimwa dhidi ya hewa iliyo nje. Kihisi kizuri kwa kazi hii kina kitundu cha kupumulia ili kiijue hewa ya mahali kilipo. Kuna vingine vimezibwa kiwandani, na ndani yake imefungiwa hewa ya usawa wa bahari. Kihisi kama hicho kinasoma sawa Mombasa. Kipandishe Wilson, karibu mita 1,690 juu ya bahari, ambako hewa ni nyepesi, na kinasoma pungufu kwa zaidi ya psi 2 na nusu bila kitu chochote kuharibika. Anayeagiza kihisi kutoka ng'ambo aulize swali hili kabla ya kulipa. Na akipata chenye kitundu, basi fundi asikizibe kwa rangi au gundi. Nyaya zipinde kwenda chini kabla ya kuingia kwenye kiunganishi, ili maji ya mvua na ya kuoshea injini yadondoke badala ya kuingia ndani.

Kuhusu pa kukifunga, mawazo yangu hayana shaka: kisifungwe juu ya injini. Kihisi ni kizito kwa shingo yake nyembamba, na injini inatetemeka mfululizo kwa saa nyingi. Shingo inachoka na siku moja inakatika, na hapo unakuwa na petroli inayofuka juu ya mabomba ya moshi yenye joto kali. Kifungwe kwenye lile bati la kuzuia moto, kiunganishwe na mfumo kwa mpira wa petroli wenye kinga ya moto. Na kule mpira unakoanzia kuwe na kiungio chenye tundu dogo sana, kama milimita moja. Presha haihitaji njia pana ili ipimwe, lakini uvujaji unahitaji njia pana ili uwe janga. Kanuni za Marekani za ndege ndogo, katika kifungu kilichojulikana kwa miaka mingi kama 23.1337, zilidai kizuizi cha namna hiyo kwenye bomba la chombo chochote linalobeba kimiminika cha kuwaka kikiwa na presha. Tundu hilo lina faida ya pili: linatuliza mapigo ya pampu, na namba haitetemeki kwenye kioo.

Nyaya nazo zina adabu yake. Zisifungwe kwenye bomba la petroli hata kama linapita pale pale na linaonekana kama njia iliyoandaliwa. Mwongozo wa mafundi wa Marekani, AC 43.13-1B, unataka pengo lisilopungua nusu inchi kati ya waya na bomba la kimiminika cha kuwaka, na kama haijafika inchi mbili, kuwe na vishikizo imara au kinga ya ziada. Waya upite juu ya bomba, bomba likivuja lisiumwagikie. Miisho ya nyaya ibanwe kwa koleo lililotengenezwa kwa kazi hiyo. Lehemu inaufanya waya kuwa mgumu hadi mahali fulani, na hapo penye mpaka wa mgumu na laini ndipo mtikisiko unapoukata.

Niseme pia kile ambacho presha haisemi, maana nimeona watu wakiitegemea kupita uwezo wake. Kihisi kinaijua presha ya mahali kilipo tu. Chujio dogo la kwenye mlango wa kabureta likiziba, kihisi kilicho kabla yake kitaonyesha presha nzuri kabisa huku injini inakohoa. Na kwenye Cessna 206 za injini ya Continental, farasi hawa wa viwanja vya vumbi vya nchi zetu, ile geji ya zamani iliyoandikwa galoni kwa saa kwa kweli ni geji ya presha iliyochorwa namba za mtiririko. Kipulizio kimoja kikiziba, petroli inayopita inapungua, lakini presha nyuma yake inapanda, na geji inatangaza kwamba injini inakunywa zaidi. Rubani asiyejua hilo anapunguza petroli kwenye injini ambayo tayari ina silinda moja yenye njaa.

Nani anaruhusiwa kuifanya kazi hii? Huko Marekani kuna utamaduni mkubwa wa watu kujiundia ndege, uliopata chama chake mwaka 1953, pale Paul Poberezny na wenzake walipoanzisha EAA huko Wisconsin. Aliyeiunda ndege yake anaweza kufunga kihisi chake mwenyewe. Ndege yenye cheti cha kiwanda, kama Cherokee yetu, ni habari nyingine. Monita iwe imeidhinishwa kwa ndege hiyo, kazi ifanywe au isimamiwe na mhandisi wa ndege mwenye leseni, na iandikwe kwenye kitabu cha ndege. Naunga mkono utaratibu huu kwa moyo wote, hata pale unapochelewesha na kugharimu.

Kabla ya ndege kuruka, kihisi kilinganishwe na geji ya mrija inayoaminika, kwa pampu ya mkono, kuanzia sifuri kupanda hadi 8 na kushuka tena. Chunguza zaidi pale chini, kati ya sifuri na psi moja. Kisha mipaka ya kengele iwekwe kwa namba za injini hiyo, maana monita mpya inaweza kuja na mipaka ya injini nyingine kabisa.

Na wewe rubani, ukirudi na malalamiko, usimwandikie mhandisi kwamba geji ni mbovu. Mwandikie ulichokiona: ilishuka ulipowasha taa, au ilishuka ulipozima pampu ya umeme. La kwanza linampeleka kwenye waya wa tatu. La pili linampeleka kwenye pampu ya injini, na ndege hiyo isiruke tena mpaka ameifungua pampu hiyo.